Kamba ya Mguuni Mwako

Kiden,

Nakuandikia mchana, nikiwa kibandani kwetu soko la Custom, nimekaa juu ya belo la mashuka ambalo tangu juzi sijapata nguvu ya kulifungua. Usiku siwezi kuandika. Usiku nina kazi moja tu, nayo ni kuamka. Ningekuwa mlinzi wa geti, kufikia sasa ningekuwa nimepandishwa cheo.

Nimechoka, na nimekasirika. Nimemkasirikia kila mtu katika mji huu kwa zamu, hata mbuzi. Nitakueleza habari za mbuzi. Sasa zamu imekufikia wewe, na usifikiri kufa kutakuokoa.

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Mvua zimeanza. Mtaro ulio mbele ya kibanda umeziba tena na wateja wanaruka matope kama watoto wanaocheza kamba. Mashuka meupe hayaendi, vile ulivyosema siku zote kwamba vumbi la Juba halipendi mtu anayejidai. Yale ya maua makubwa yanakwisha siku mbili baada ya kufungua belo. Nimebadilisha mwavuli, ule wa zamani upepo uliupeleka barabarani na pikipiki ikaupanda. Na mama yako amehamia nyumbani kwetu, mtaani Juba Na Bari. Alikuja mazishini kutoka Uganda na begi moja, akalala kitanda chako chini ya chandarua chako, na hakurudi tena. Sijamwuliza kwa nini. Anafagia uwanja kabla mimi sijanawa uso, anapika mboga za karanga vizuri kuliko wewe ulivyowahi kupika, na kila jioni kabla ya kuzima taa ananiambia neno moja lile lile. Hilo neno nitalifikia, kwa sababu ndilo linaloniua.

Basi naamka. Mara ya kwanza saa saba hivi, tena saa tisa, tena karibu na saa kumi na moja, na baada ya hapo sipati hata lepe la usingizi mpaka majogoo. Ukitaka kujua Juba ina madaktari wangapi, sema mbele ya watu kwamba hulali.

Wa kwanza alikuwa Mama Wani, jirani yetu wa ndoo na mabeseni. Akasema ni joto. Nikasogeza kitanda dirishani, nikajifunika shuka lililoloweshwa maji kama alivyoniagiza. Nikaamka saa saba vilevile, ila sasa nimelowa. Akasema basi ni chai, kwa nini mtu mzima anakunywa vikombe vitatu vya chai ya rangi saa mbili usiku. Hapo alikuwa na haki kidogo, nakubali, maana nilikuwa naenda chooni mara mbili kila usiku nikipapasa ukuta. Nikaacha chai, nikaacha hata maji kuanzia jioni. Choo kikaisha. Kuamka hakukuisha. Nikawa naamka na kiu.

Halafu jenereta ya jirani. Nilikwenda nikagombana naye mpaka akakubali kuizima saa nne, akaizima, masikini, na mimi nikaamka kama kawaida na sasa sina wa kumlaumu. Nikalaumu kanisa la ng'ambo ya barabara na vipaza sauti vyao vya kesha, lakini wao hukesha Ijumaa tu, na mimi nimekesha wiki nzima bila vipaza sauti. Nikalaumu mbu, nikashona matundu yote ya chandarua kwa mkono. Kijana wa kanisani akasema ni mwanga wa simu, nikaanza kuilaza simu jikoni kama mtoto aliyekosa. Yule mzee anayetuletea mabelo kutoka Nimule akanong'ona kwamba kikombe kidogo cha araki humlaza hata ng'ombe. Nisamehe, nilikunywa. Nililala kabla sijavua viatu, na saa nane nikaamka moyo unakwenda mbio, mdomo umekauka, kichwa kinagonga, nimelala haraka na kuamka haraka zaidi. Siku ya pili kumtazama mama yako machoni niliona haya.

Mwisho nikaenda kliniki. Muuguzi ni msichana aliyekulia Eldoret, mtoto wa wakimbizi kama mimi wa Kitale, na nilifurahi kusikia Kiswahili kilichonyooka. Huyo angalau aliuliza maswali yenye akili. Akaniuliza kama nakojoa sana, kama miguu inauma, kama nina dawa ninazokunywa, kama joto linanipanda ghafla shingoni, kwa sababu umri wetu huu una vituko vyake. Akanitoboa kidole, akanifunga mkono kupima presha. Kisha akasema, "Auntie, sukari iko sawa, presha iko sawa. Lakini niambie, kabla ya hii shida, ulikuwa unalala?"

Nikasema hapana. Miaka sita sikulala usiku mmoja mzima.

Akasema mwili ukizoeshwa kuamka huendelea kuamka hata kazi ikiisha. Akaniuliza hiyo kazi ya usiku ilikuwa kazi gani. Nikamwambia mbu. Nikachukua kitabu changu cha kliniki nikaondoka, na njia nzima nilikuwa namtukana kimyakimya mtoto wa watu ambaye hakunikosea chochote.

Kazi ilikuwa wewe, Kiden.

Wiki ya kwanza tulipopanga ile nyumba nilidhani lori linapita barabarani. Kukoroma kwako ningekuzoea, baba yangu alikoroma na sote tulikua. Lililonishinda ni kule kunyamaza. Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Kimya cha mtu aliyezama. Mimi nimekaa kitandani nahesabu, kumi, kumi na mbili, na wewe huvuti pumzi, halafu ghafla unaivuta kwa kishindo kana kwamba umetolewa mtoni kwa nywele. Na hapo wewe unaendelea kulala. Mimi ndiye niliyebaki macho. Nilikuwa nakurushia kiatu. Baadaye nikatumia mpini wa ufagio, lakini kila nikiinua chandarua mbu wanaingia, nikaugua malaria mara mbili msimu mmoja. Ndipo wewe mwenyewe ukaja na ile kamba ya nailoni ya kufungia mabelo. Ukaifunga kwenye kifundo cha mguu wako, ukaipitisha chini ya vyandarua vyote viwili hadi kitandani kwangu. Sheria ikawa moja: nikihesabu hadi kumi na tano, navuta. Wewe unaguna, unageuka upande, pumzi inarudi.

Asubuhi unaamka na kamba bado iko mguuni, unaniambia bila haya, "Poni, mimi hapana koroma. Mimi iko napumua na nguvu tu."

Sikatai, tulicheka. Usiku mwingine nilikuwa naivuta makusudi nikuulize kama umefunga mlango. Lakini wageni wakija ulikuwa unaificha chini ya godoro kama kitu cha aibu, na mimi ulinikataza kumwambia mtu yeyote. Mchana ulikuwa unasinzia hapa kibandani katikati ya kupatana bei, shuka mkononi, mteja anakutazama. Nikasema twende hospitali. Ukasema, "Nitaambia daktari nini? Kwamba mimi iko nalala sana?" Nikakuambia mficha maradhi kifo humuumbua, ukacheka, ukasema methali za Kenya hazina visa ya kuingia Juba. Mimi nikacheka pia. Hilo nalo linaniudhi, kwamba nilicheka.

Sasa nikuambie nililolificha.

Baba mkwe wa Mama Wani alipofariki kule Hai Jalaba, ulijua nitakwenda, huwezi kuuza shuka kando ya mtu kila siku halafu usikae kwenye matanga yake. Lakini ningeweza kwenda mchana na kurudi jioni. Wengi walifanya hivyo. Mimi nilikuambia kwa uso mzito kwamba heshima ya jirani inadai nilale huko siku zote tatu. Nilifunga shuka na mkeka, na moyoni nilikuwa nashangilia kama mtu anayekwenda harusini. Kiden, nilikwenda msibani kulala.

Na nililala. Chini ya turubai, juu ya mkeka, wanawake wanaimba tenzi, watoto wanalia, mtu anapasua kuni karibu na kichwa changu, nililala usingizi wa pono. Yule mzee marehemu nilimwona mara mbili tu maishani. Wanawake waliponitikisa asubuhi nisiamke wakasema nimezidiwa na majonzi. Wakanifunika kitenge, wakanihifadhia uji. Nilisikia mmoja akisema huyu ana roho nzuri sana. Nikajigeuza upande, nikalala tena.

Usiku wa pili ulikuwa mtamu kuliko wa kwanza. Huo ndio usiku uliokufa wewe.

Mwenye nyumba ndiye aliyekukuta, asubuhi, alipoona mlango haujafunguliwa. Nilipofika wewe ulikuwa umelala chali, na kamba yote imekunjwa vizuri juu ya kitanda changu. Kando ya kitanda chako kulikuwa na kile kiti cha kibandani chenye mgongo mrefu, na shuka limekunjwa juu yake. Nikadhani ulikuwa na mgeni. Sikuuliza. Katika siku zile nani anauliza habari za kiti.

Mazishini watu wote walinifariji kwa neno moja: Poni alikuwa kwenye msiba wa watu, alikuwa kwenye kazi ya Mungu, hakuna lawama. Mchungaji alilisema mbele ya kaburi. Mimi nikainamisha kichwa nikapokea. Na mama yako, kila jioni kabla ya kuzima taa, ananishika mkono na kusema, "Bit tai, wewe ndiyo uliangalia usiku ya mtoto yangu. Mungu iko naona." Binti yangu, ananiita. Halafu anaingia kwenye chandarua chako, na mimi nabaki nimetazama paa. Miezi minne. Mtu akikutukana kila jioni unazoea, lakini kushukuriwa kwa jambo ambalo hukulifanya, hakuzoeleki.

Sasa mbuzi. Mama yako alisikia ninavyoamka, akaamua kwamba ni wewe unayeniamsha. Kwamba kuna jambo lako halijakamilika, na unanijia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu nawe. Kwa hiyo tufanye karama, ile karamu ya kumkumbuka marehemu, mchungaji aje, majirani wale, na mimi nisimame mbele ya watu niseme Kiden anaomba nini. Mbuzi akaletwa wiki moja kabla. Akafungwa uwanjani, akala mashuka mawili yaliyokuwa kwenye kamba ya nguo, yale ya maua makubwa. Kila nikitoka namkuta ananitazama. Na mimi usiku naamka nawaza, nitasimama niseme nini? Nidanganye tena, safari hii mbele ya mchungaji na nyama mezani?

Jioni ya kuamkia siku ya karama, mama yako alikuwa amekaa juu ya mkeka anachambua majani ya kudra kwa mboga ya kesho. Nikakaa kando yake. Nikamwambia, mama, huyu mbuzi hana kosa, mwache. Nikamweleza yote. Kamba, kuhesabu, aibu yako, uongo wangu wa Hai Jalaba, uji niliohifadhiwa. Sikulia. Hasira ilinizidi machozi. Nilisema maneno yote nikitazama mikono yake, na mikono yake haikusimama, iliendelea kung'oa jani moja moja.

Nilipomaliza akaniambia kamba si yako, ni yake. Ulipokuwa mtoto kule kambini Uganda ulikuwa unanyamaza vilevile, na yeye alikufunga kitambaa cha kitenge mguuni, ncha nyingine kwenye kidole chake, ukakua hivyo mpaka ulipoondoka nyumbani. Sikujua. Miaka sita tumelala chumba kimoja hukuwahi kuniambia kwamba kulikuwa na mwingine kabla yangu.

Kisha akaniambia kwamba ulimpigia simu jioni niliyoondoka. Ulimwambia, "Poni ameenda Jalaba kulala, anasema eti ni msiba. Mimi namwacha alale, amechoka. Mimi nitakaa kwa kiti." 

Kiti, Kiden.

Kwa hiyo ulijua. Ulinipigia pasi kitenge, ukaniambia nisalimie wafiwa, ukanisindikiza mpaka barabarani ukijua kwamba naenda kulala, ukarudi ndani ukaingiza kiti. Usiku wa kwanza ukakesha umekaa. Usiku wa pili uchovu ukakushinda, ukapanda kitandani, nani angekulaumu. Lakini ungeniambia. Neno moja. Ungesema, Poni, najua umechoka, tumtafute mtu wa kuvuta kamba siku tatu. Binti wa Mama Wani angekuja kwa soda moja. Badala yake wewe ukanificha huruma yako, mimi nikakuficha uchovu wangu, na kati ya vitanda viwili vilivyoachana hatua mbili halikupatikana neno moja la kweli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema. Sisi tulijuana kunguni wote, na bado tukadanganyana. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko kifo chenyewe. Kifo hakikunidanganya.

Nikamwuliza mama yako, na wewe mama, ulipoambiwa hivyo, ulisema nini? Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

Akasema, "Mimi niliambia yeye, sawa, kaa kwa kiti. Halafu mimi nililala. Nililala vizuri sana usiku ile, bit tai. Usiku mbili zote."

Akachukua jani jingine. Halafu akaniuliza kama nadhani ni mimi peke yangu ninayeamka katika nyumba hii.

Kumbe miezi minne yote, Kiden, mama yako alikuwa macho. Saa saba, saa tisa, karibu na saa kumi na moja. Nikiamka mimi, yeye tayari ameamka, amelala ubavu anavuta pumzi polepole kama mtu aliyelala, ili asinisumbue. Na mimi nalala kimya, nafumba macho, nisimsumbue yeye. Na yale maneno ya kila jioni, yaliyokuwa yananichoma, alikuwa anayasema ili angalau mmoja wetu awe ndiye aliyeangalia.

Mbuzi tulimchinja. Alikuwa ameshakula mashuka mawili, na watu walikuwa wamealikwa. Niliposimama nilisema maneno machache: kwamba Kiden alikuwa anakata pumzi usingizini, kwamba ni ugonjwa na si aibu, na mwenye mtu wa namna hiyo nyumbani ampeleke hospitali asingoje. Nikasema sikuwa kazini mwa Mungu usiku ule, nilikuwa nimelala. Mchungaji akatazama Biblia yake. Mama Wani akaniwekea kipande cha ini kwenye sahani. Wengine nasikia wananisema huko sokoni, na wana haki.

Usiku ule niliamka tena, saa saba vilevile, usidhani ukweli ni dawa ya usingizi. Lakini sikufumba macho. Nikasema, mama. Akaitika. Tukakaa ndani ya vyandarua vyetu tukakusema vibaya mpaka karibu na alfajiri, kiburi chako, kiti chako, mboga zako za karanga zisizokuwa na chumvi. Alicheka mara moja. Alilia pia.

Sijakusamehe bado, na sikuombi unisamehe leo, kwa sababu nimegundua wewe ungenisamehe haraka mno na mimi ningekasirika upya. Tulia tu huko ulipo. Kwaheri, rafiki yangu, kwaheri mwenzangu wa chumba kimoja. Ninachokuahidi ni hiki: mama yako hatalala peke yake katika nyumba hii nikiwa hai. Misiba ya watu nitakwenda, nitaosha vyombo, nitalia na wanaolia, na jua likianza kuzama nitafunga kitenge changu, nimwambie mfiwa ukweli kwamba kuna mtu ananingoja, na nirudi nyumbani. Wakisema sina heshima, waseme.

Poni